Sheha akija na chanjo, watu wanamwona sheha

Wazanzibari tulioko Uingereza tuna kauli moja haituishi barzani: huku watu wanafuata sayansi, nyumbani wanafuata vyama. Kwa korona kauli hiyo haina miguu. Huku nako vyama viliingia mpaka kwenye barakoa, isipokuwa viliingia kwa mlango mwengine.

Watu walipofungiwa ndani tarehe 23 Machi 2020, serikali ilikuwa ya Conservative, chama cha mrengo wa kulia, na mwanzoni raia wa vyama vyote waliitikia. Ubishi ulikuja baadaye na ulitoka ndani ya chama hicho hicho. Tarehe 1 Disemba 2020, wabunge 55 wa Conservative walipiga kura kupinga masharti ya serikali yao wenyewe. Mwaka mmoja baadaye, kwenye kura ya cheti cha chanjo cha kuingilia kumbi za starehe, waliogoma walikaribia 100, na serikali ikapita kwa kura za Labour, chama cha upinzani wakati ule. Hoja yao ilikuwa moja: dola isiingie nyumbani kwa mtu wala dukani kwake. Virusi vyenyewe hawakuvikana, au wengi wao hawakuvikana.

Sasa tazama Sweden. Serikali ilikuwa ya mrengo wa kushoto, nayo ndiyo iliyoacha mikahawa na skuli za watoto wadogo wazi. Waliolalamika kwamba masharti ni machache walikuwa chama cha kulia kabisa, kile kile ambacho wenzake Marekani walikuwa wakizichoma barakoa. Brazil rais wa kulia alidharau ugonjwa, Mexico rais wa kushoto akafanya karibu na hayo. Kwa hivyo itikadi peke yake haisemi mtu atavaa au hatovaa. Linaloamua ni nani alilitamka sharti mwanzo, na mpinzani wake alikuwa amesimama upande gani siku ile.

Hapo ndipo Zanzibar inapofahamika vizuri zaidi kuliko tunavyodhani.

Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake, kama Scotland na Wales zilivyo na zao. Tarehe 10 Mei 2020 London ilipobadilisha agizo kutoka "kaeni nyumbani" kwenda "kuweni macho", serikali za Scotland na Wales, kule Edinburgh na Cardiff, zilikataa na zikabaki na la mwanzo. Mtu akivuka daraja la Severn, linalotenga England na Wales, sheria ilikuwa inabadilika chini ya matairi yake. Zanzibar nayo ilianza hivyo hivyo: mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 2020 na waziri wa afya wa Zanzibar, aliyekuwa wa chama cha ADC, si CCM, na ndege za kukodi za watalii zikasimamishwa. Lakini uhamiaji ni wa Muungano, boti ya Dar ni saa mbili tu, na mwenyekiti wa CCM ni mmoja kwa pande zote mbili, wakati ule Rais Magufuli. Takwimu za Bara zilipokatika baada ya tarehe 29 Aprili 2020, zikiwa wagonjwa 480 na vifo 16 kwa nchi nzima, Unguja haikuwa na nafasi ya kushika njia yake kwa muda mrefu. Mwanachama wa maskani ya Kisonge, barza ya CCM, angeivaa vipi barakoa bila ya kuonekana anambishia mwenyekiti wake? Na mtu wa Jaws Corner, barza ya wapinzani, akiivaa, nani ataamini kaivaa kwa ajili ya afya tu?

Bara rangi ilikuwa imeshakolea. Mei 2020 Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati ule, aliwataka wabunge wa chama chake watoke bungeni wajitenge siku 14, na spika akawajia juu. Yaani chama tawala kikawa upande wa kufungua na upinzani upande wa kujikinga. Kila mmoja alishika lililoachwa na mwenzake.

Kisha likaja lililochanganya mahesabu yote. Tarehe 27 Januari 2021 Rais Magufuli, akiwa Chato, alizitilia shaka chanjo hadharani. Siku nne baadaye chama cha ACT-Wazalendo kikatangaza kuwa Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona. Kiongozi wa upinzani aliyemo serikalini akautaja ugonjwa kwa jina lake wakati wengine wakisema "matatizo ya kupumua". Alifariki tarehe 17 Februari. Magufuli akafariki tarehe 17 Machi, na taarifa ya serikali ilitaja moyo. Tarehe 28 Julai Rais Samia, mtu wa Kizimkazi, akachanjwa mbele ya kamera. Ndani ya miezi sita mwanachama mwaminifu alitakiwa akatae, kisha akubali, bila ya mtu kumweleza kwa nini. Aliyesita hapo simwiti mjinga.

Sasa sheha, mtu wa serikali mtaani. Anateuliwa na mkuu wa mkoa, hachaguliwi na wakaazi. Barua yake ndiyo inayomthibitisha mtu kuwa ni mkaazi, na bila ya hiyo kitambulisho cha Mzanzibari hukipati kwa urahisi, na bila ya kitambulisho jina haliingii kwenye daftari la wapiga kura. Pemba hili ni kidonda. Mwaka 2009 uandikishaji ulikwama kwa mvutano huo huo. Halafu kampeni ya afya inakuja, na anayebisha hodi na karatasi ya majina ni yeye. Mwenye nyumba haoni chanjo. Anaona daftari.

Jengine ni chupa. Janssen, chanjo ya korona iliyotangulia kampeni ya Bara, chupa yake ilikuwa na dozi tano na ikishatobolewa ilidumu muda wa saa sita tu, tena ndani ya nyuzi 2 hadi 8. Wakija watu wawili, mchanjaji anaona uchungu kuifungua, anasubiri. Wale wawili wanakaa kwenye benchi wanajiuliza kwa nini wanatafutiwa wenzao. Uvumi unaanzia hapo, na suala zima ni hesabu ya dozi. Dakika mbili za kuionesha chupa na kuelezea zingetosha.

Linganisha na hija. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa mahujaji ni sharti la miaka mingi. Mwaka 2022 Saudia ilipofungua tena kwa mahujaji wa nje, ilitaka chanjo ya korona na umri usiozidi miaka 65. Wazee waliumia kukosa safari, lakini sharti lenyewe halikuwa na kijani cha CCM wala zambarau ya ACT, kwa sababu lilitoka Makka.

Tusisahau mfuko pia. Huku mwajiriwa aliyesimamishwa kazi kwa sababu ya korona alilipwa asilimia 80 ya mshahara, mpaka pauni 2,500 kwa mwezi; ni rahisi kuwa mfuasi wa sayansi hapo. Lakini msafishaji na mtunza wazee akiugua, mafao ya kisheria yalikuwa pauni 95.85 kwa wiki, na wengi waliendelea kwenda kazini na homa zao. Hamali wa Malindi na muuza samaki wa Darajani hawakuwa na hata hiyo. Kuwaambia wakae ndani wiki tatu ni kuwaambia wasile.

Maradhi mengine yakija, karatasi ya majina isitoke kwa sheha. Vituo vya afya vina madaftari yao ya kliniki ya wajawazito na watoto, yenye majina ya nyumba karibu zote, na muuguzi aliyeyaandika anajulikana mtaa mzima kwa sindano za surua. Aende yeye, sheha abaki barzani kwake.