Neno "Kweli" Lililomgharimu Mdogo Wangu Leseni

Mdogo wangu alikamatwa Ijumaa usiku akitoka kwenye sherehe. Alipuliza Alcoblow, kifaa cha polisi cha kupima ulevi kwa pumzi, akapelekwa kituoni, akalala korokoroni hadi Jumatatu. Kizimbani karani alisoma shtaka mbiombio, naye akajibu, "Ni kweli." Mahabusu mwenzake alikuwa amemwambia kwamba ukikiri unalipa faini na unakula chakula cha mchana nyumbani. Faini tuliichanga. Ila hakimu aliongeza jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitarajia: mwaka mzima bila leseni. Na yeye ni dereva wa lori.

Sijaandika haya kumtetea. Alikuwa amelewa, na barabara ile watu hutembea kandokando yake usiku kucha. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kinataja faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Hata kujaribu tu kuendesha ukiwa umelewa ni kosa. Juu ya hayo, anayehukumiwa hukaa miezi 12 bila leseni, na hakimu anaweza kuirefusha. Mimi naiunga mkono adhabu hiyo ya leseni kuliko faini, kwa maana faini jamaa huilipa na wiki inayofuata mtu yuko kwenye usukani tena.

Kinachonichoma ni kwamba alikiri bila kujua anakiri nini. Kifungu hicho hakisemi kunywa tu. Kinasema kulewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Machi 2017 Mahakama ya Rufani ilitilia mkazo jambo hilo: kanuni za Alcoblow za 2011 hazingeweza kuunda kosa linalopingana na sheria yenyewe, ingawa kifaa kiliruhusiwa kuendelea kutumika. Kwa hiyo kiongozi wa mashtaka ana kazi ya kuthibitisha. Gari lilikuwa likiyumba? Nani aliona? Kwa mdogo wangu, hakuna aliyeulizwa.

Na ukishakiri, kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinakuzuia kukata rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Ndiyo maana tangu uamuzi wa kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973, mahakama inatakiwa kumweleza mshtakiwa kila kiini cha shtaka kwa lugha anayoielewa, kisha asomewe jinsi mambo yalivyotokea na aulizwe kama ana la kupinga.

Wikendi nayo ina yake. Katiba, ibara ya 49, inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini zikiisha mahakama zikiwa zimefungwa, unangoja siku ya kazi inayofuata. Una haki ya kuwasiliana na wakili tangu mwanzo. Jumamosi tulikwenda kuomba dhamana, tukaitishwa pesa bila risiti. Dhamana ya kweli huandikiwa risiti, na kesi ikiisha unarudishiwa. Tulikataa kutoa, na mama alilia njia nzima tukirudi.

Ninachoziomba mahakama ni sentensi moja kabla mshtakiwa hajafungua kinywa: "Ukikubali kosa hili, utakaa angalau mwaka mmoja bila leseni." Huenda mdogo wangu angekiri vilevile. Lakini angekuwa amekiri akijua.