Saa Tisa ya Addis Ababa

Wapenzi wanaoishi katika nchi mbili tofauti wana desturi moja ambayo sasa naamini huwaponza: wakijaliwa kupata likizo na nauli, hukutana mahali ambapo si kwao hata mmoja. Mimi na mchumba wangu tulifanya hivyo mara tatu, mara mbili Nairobi na mara moja Unguja, na kila mara nilirejea Dar es Salaam nikiwa na picha nyingi mno za bahari na vyakula. Hotelini kila mtu ni mwema. Hakuna mama wa kusaidiwa alfajiri, hakuna jirani wa kusalimiwa, hakuna ndugu aliyenuna, na kama mtu ana Mungu wake, huwa amemwacha nyumbani pamoja na nguo za baridi.

Mwenzangu ni mtu wa Addis Ababa, Mhabeshi kama wazee wetu wanavyosema. Mimi ni Msambaa wa Lushoto niliyeteremka Dar es Salaam kikazi. Tulifahamiana mwaka 2019 katika mafunzo ya wiki mbili, na tangu hapo mapenzi yetu yakahamia ndani ya simu. Mwishoni mwa Juni 2020 intaneti ilipokatwa Ethiopia nzima kwa zaidi ya wiki tatu, tulibaki na simu za kawaida za dakika tatu tatu, ghali kuliko mshahara wangu ulivyoweza kuhimili, na nadhani ni wakati huo nilipotambua kwamba sikuwa na mazoea bali nilikuwa na mpenzi. Hata hivyo nilikuwa namfahamu kwa maneno yake tu, nayo ni sehemu ndogo ya mtu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo kwa miaka yote hiyo sikulitilia maanani. Siku za Jumatano na Ijumaa, nikimpigia wakati wa chakula cha mchana na kumuuliza amekula nini, alinijibu kuwa bado hajala. Nilidhani ni kazi. Nilimwonea huruma, nikamlaumu bosi wake kimoyomoyo, na mara moja nikamtumia ujumbe mrefu kuhusu vidonda vya tumbo. Hakunisahihisha, na nilipomuuliza baadaye kwa nini hakunieleza, alisema kwamba mfungo si habari ya kutangaza.

Nilifika kwao katikati ya Hudade, mfungo mkuu wa siku 55 unaotangulia Pasaka ya Kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo la Ethiopia. Marafiki zangu walinicheka kwamba nimechagua msimu mbaya, kwa kuwa katika Hudade hakuna nyama, hakuna mayai, hakuna maziwa, na arusi hazifungwi. Mimi nasema nilibahatika, ingawa sikuchagua kwa hekima yoyote. Ndiyo likizo niliyopewa. Baridi ya mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari haikunitisha, maana sisi wa Usambara tumelelewa katika ukungu. Kilichonitisha ni asubuhi ya kwanza, nilipoulizwa nitakunywa nini nami, kwa ulimi uliozoea, nikaomba chai ya maziwa. Mama yake alitabasamu, akamwita kijana wa jirani, akamtia noti mkononi. Dakika kumi baadaye niliwekewa mbele yangu chai ya maziwa katika nyumba ambayo haikuwa na tone la maziwa kwa wiki nne. Niligundua kosa langu pale tu nilipoona kwamba kikombe kilikuwa kimoja, na kwamba wengine wote walikuwa wananitazama nikinywa bila wao kutia kitu chochote kinywani.

Kwa waumini wa kanisa hilo, kufunga si kubadili kitoweo tu. Mwaka mzima una siku zaidi ya 180 za mfungo kwa mlei wa kawaida, zikiwamo takriban Jumatano na Ijumaa zote, na anayezishika sawasawa hali wala hanywi hadi alasiri, mara nyingi hadi saa tisa. Wao huiita mifungo hiyo tsom, neno ambalo ni ndugu wa saumu yetu, na sidhani kama kuna Mswahili anayehitaji kamusi kulielewa. Lakini undugu ulionigusa zaidi ni wa saa yenyewe. Sisi Waswahili tumezoea kuwaeleza wageni kwamba siku yetu huanza jua linapochomoza, kwamba saa moja ni saa moja baada ya mapambazuko, nao hutushangaa kama watu waliovaa saa kichwa chini. Waethiopia huhesabu vivyo hivyo. Mama yule aliponionyesha vidole viwili na kutamka hulet se'at, nilijua mara moja kwamba ni saa mbili asubuhi, bila kujumlisha wala kutoa sita. Kalenda yao ina miezi kumi na mitatu na iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, kwa hiyo hatukuwa tukiishi mwaka mmoja. Lakini saa tuliishi moja, na saa tisa ya Biblia ya Kiswahili, saa ambayo Yesu alipaza sauti msalabani, ndiyo saa tisa ya pale mezani walipofungua kinywa. Miaka yote nilikuwa nikiipokea simu ya saa tisa na nusu ya mtu aliyetoka kufungua, huku mimi nikidhani ametoka kikaoni.

Siku ya tatu nilikwenda kanisani. Katika mfungo huo ibada za siku za kazi huchelewa, na huishia alasiri. Nilifungwa netela, ule mtandio mweupe mwepesi wenye pindo la rangi, na mama akanirekebisha mara mbili jinsi unavyokatiza kifuani. Tuliacha viatu mlangoni. Nilikuwa nimesikia habari za ngoma kubwa za kanisa hilo na kayamba zake za chuma, nami nilizingojea kwa hamu ya mtalii, mpaka nilipoambiwa kwamba katika Hudade ngoma nazo hukaa kimya hadi Pasaka. Waimbaji walikuwa na fimbo zao za sala tu, zile ndefu zenye kichwa kama herufi T, wakiziinua na kuzishusha taratibu kwa nyimbo ambazo mapokeo yanasema chanzo chake ni Mtakatifu Yared wa karne ya 6. Lugha ni Ge'ez, ambayo hakuna anayeizungumza nyumbani, na mwenzangu mwenyewe anakiri kwamba haelewi yote.

Sitasema kwamba nilishukiwa na jambo la ajabu. Wasimulizi wa safari kama hizi hupenda kueleza kwamba walipokanyaga tu ardhi ya mpenzi wao walihisi roho ikiwaitika, na mimi husoma maneno hayo kwa shaka, kwa sababu mgeni anayepokelewa vizuri huhisi hivyo popote. Saa ya kwanza nilihisi miguu. Mimi ni mtoto wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania. Nimelelewa kwa madawati, kitabu cha nyimbo na mahubiri ambayo mtu anaweza kuyapinga akiwa njiani kurudi nyumbani. Hapa hapakuwa na pa kukaa, na patakatifu palifichwa nyuma ya pazia, ambako hukaa tabot, mfano wa mbao za agano, usioonwa na mtu asiye kuhani. Nikiri kwamba pazia lile liliniudhi. Nilijiuliza ni nani aliyewapa haki ya kumfungia Mungu chumbani.

Kisha nikasikia neno likirudiwa, na kurudiwa, na kurudiwa, huku wanawake walionizunguka wakihesabu kwa vidole: Egzio, Egzio, Egzio meharene Kristos. Sikuhitaji mkalimani. Ni "Bwana, utuhurumie, Kristo, utuhurumie" ya liturgia yetu, ambayo nimeiimba kila Jumapili tangu utotoni huku nikiangalia kama mvua imeacha kunyesha. Kwetu huimbwa mara tatu, tukaendelea. Pale iliimbwa mpaka ikaacha kuwa wimbo, ikawa kama mtu anayebisha hodi ambaye ameamua haondoki.

Kanisani wanaume husimama kushoto na wanawake kulia, kwa hiyo sikusimama na mchumba wangu. Nilisafiri kuvuka nchi na nchi nikamkuta bado yuko mbali nami, ng'ambo ya ukumbi, kama mita kumi na mbili. Naye hakujua kwamba namtazama. Ulipofika wakati wa sigdet, na hapa tena ndugu zangu Waislamu wataitambua sijida bila kuambiwa, nilimwona akishuka hadi paji la uso linagusa zulia, akisimama, akishuka tena, mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuhesabu. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Huyu ni mtu ambaye kwenye simu hufanya mzaha wa kila kitu, ambaye nilikuwa nimeshawaambia dada zangu kwamba ni mwema sana ila hana uzito. Nilisimama pale kando ya mama yake, mkono wake umeshika kiwiko changu ili nisiyumbe, nikaona aibu kwa neno lile.

Hapo ndipo nilipompenda. Ya nyuma yote nayahesabu kuwa matayarisho. Nikasali pia, kwa Kiswahili, kimyakimya, sala ndefu kuliko niliyozoea, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikuwa naomba kitu.

Jioni kulikuwa na buna, yaani kahawa. Baba yangu alilima kahawa Lushoto, akaiuza yote, na nyumbani tukanywa chai; kwa hiyo ilinibidi kwenda ugenini ili nione zao la baba yangu likipewa heshima. Mama alitandaza majani mabichi sakafuni, akaosha buni mbichi, akaikaanga juu ya mkaa mpaka ikang'aa kwa mafuta, kisha akapitisha kikaango mbele ya kila mmoja wetu ili tuuvute moshi wake kwa mkono. Ubani ulikuwa ukifuka pembeni. Akaitwanga kinuni, akaichemsha katika jebena, chungu cha udongo chenye shingo nyembamba ambacho ni kama binamu wa dele la barazani kwetu. Hunywewa mara tatu kutoka katika unga uleule: ya kwanza abol, ya pili tona, ya tatu bereka, na ukiondoka kabla ya ile ya tatu umeziacha baraka mezani. Tulipokula, alikata kipande cha injera, mkate wao mwembamba, akakikunja na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, ndani yake, akakileta moja kwa moja hadi mdomoni mwangu. Kulishana huko huitwa gursha. Ukubwa wa tonge ndio kipimo cha mapenzi, na lile tonge lilikuwa kubwa kuliko kinywa changu.

Najua nitaambiwa kwamba dini itatutenganisha. Baadhi ya jamaa zangu wameshapitisha hukumu kwamba nimebadilishwa, eti kwa ushahidi wa picha moja niliyojifunga mtandio mweupe. Sijabadilika. Kila familia ya Kiorthodoksi kule ina padri wake, baba wa nafsi kama wanavyomwita, anayewaungamisha na kuwaasa. Nasi tulikwenda kwake. Alituambia bila kuzungukazunguka kwamba ndoa ya kanisani kwao, inayofungwa pamoja na ushirika mtakatifu, haiwezekani nisipobatizwa kwao. Kisha akaniuliza kama baba yangu ni mzima. Nilipomjibu ndiyo, alisema nikazungumze na baba kwanza, ndipo nirudi. Nimekutana na wachungaji wa kwetu ambao wasingekuwa na subira ya namna hiyo, na wengine ambao wangekuwa nayo.

Suala hilo bado liko wazi, na sioni haya kusema hivyo. Ninachokataa ni wazo kwamba lingekuwa jepesi zaidi kama tungeendelea kukutana ufukweni. Tungelikuta baadaye, tukiwa na pete vidoleni, siku ya Jumatano yoyote, mmoja akiwa na sahani na mwingine hana. Wapo wasio na nauli, na simwambii mtu akope. Lakini mwenye uwezo wa kulipia siku tano za hoteli anaweza kulala siku tano katika chumba cha wageni cha mama mkwe mtarajiwa, na ikiwezekana achague wiki isiyo na sherehe, wakati nyumba iko katika taratibu zake na hakuna anayemwigizia.

Sasa ni zamu yake. Atakuja Lushoto mwezi wa Julai, baridi ikiwa imekolea, na baba, ambaye ni mzee wa kanisa, ameshasema atamkalisha benchi la mbele ili amwone vizuri. Mama yangu hakuuliza kuhusu ubatizo wala mahari. Aliuliza mgeni huyo atakula nini siku ya Jumatano. Nimemwambia apike makande, bila maziwa wala samli, na asiyapakue kabla ya saa tisa.