Kapu la mayai lilikuwa la nani?

Habari za biashara vijijini Ireland ya zamani mara nyingi huishia kwa mtu mmoja: "gombeen man", mwenye duka mkopeshaji. Jina lake limetokana na neno la Kiairishi, gaimbín, yaani riba. Alikopesha unga na mbegu, akaliandika deni katika daftari lake mwenyewe, kisha akapokea mayai badala ya fedha kwa bei aliyoipanga yeye. Bodi iliyoundwa mwaka 1891 kwa ajili ya wilaya maskini za magharibi ilikuta kaya nyingi zikiishi hivyo. Horace Plunkett, kiongozi wa harakati za ushirika Ireland, na wenzake walisema dawa ni wakulima kuungana katika vyama vyao, na hawakukosea: mwenye deni hathubutu kupeleka mayai duka la pili. Huko Dungloe, Donegal, mwaka 1906, wakulima waliochoka walianzisha chama chao kwa kununua mbolea pamoja.

Lakini kapu lile lilikuwa la mama wa nyumba. Fedha ya nguruwe na ndama ilikuwa ya kumlipa mwenye ardhi. Kuku walikuwa wa mama. Aliyapanga mayai juu ya kaunta, akayahesabu kwa dazani, akarudi na majani ya chai, sukari na tumbaku ya mzee bila kumwomba mume hata peni moja. Alipunjwa, ndiyo. Ila cha kununua alikiamua yeye, na jambo hilo wanaoilaani biashara ya mali kwa mali hulipita haraka mno.

Tazama siagi. Kabla ya viwanda, mwanamke alikamua, akaengua malai, akayasukasuka mpaka mikono ikafa ganzi, akatia chumvi. Mwaka 1889 kiwanda cha kwanza cha maziwa cha ushirika kilifunguliwa Drumcollogher, Limerick, na vingine vingi vikafuata. Siagi ikawa bora, hesabu zikawa wazi. Sasa maziwa yalipakiwa kwenye mkokoteni asubuhi, mara nyingi mwanamume akishika hatamu, na malipo yakaandikwa kwa jina la mwenye shamba, ambaye kwa kawaida ndiye huyo huyo. Kazi ya kukamua ilibaki palepale, mikononi mwa mama. Chama cha wanawake wa vijijini kilichotoka katika harakati hizo za ushirika, United Irishwomen, kilianzishwa mwaka 1910, miaka 21 baada ya Drumcollogher.