Kreuzberg na kura ya kwanza: namna ya kukiadhibu chama chako bila kukihama

Anayefuatilia siasa za Ujerumani kwa mbali huambiwa mapema kwamba kura yenye uzito ni ya pili, ile ya chama, na kwamba kura ya kwanza, ya kumchagua mbunge wa jimbo, ni pambo. Kwa hesabu ya viti vya bunge zima, maneno hayo yana ukweli mkubwa. Ila kuna jimbo moja mjini Berlin linalonifanya niyakatae. Jina lake ni refu, Berlin-Friedrichshain-Kreuzberg – Prenzlauer Berg Ost. Mwaka 2002 lilikuwa namba 84 kwenye orodha ya taifa, leo ni namba 82. Hapa wapigakura wameitumia kura ya kwanza kama fimbo, na waliochapwa ni viongozi wa vyama vyao wenyewe.

Tuanze na karatasi yenyewe. Mpigakura hupewa karatasi moja yenye safu mbili. Kushoto, kwa wino mweusi, yapo majina ya wagombea wa jimbo, kila mmoja na kazi yake na chama chake. Kulia, kwa wino wa buluu, zipo orodha za vyama, ambazo wagombea wa juu ndio huingia bungeni kwanza. Unaweka alama moja kila upande, na hulazimiki kukaa na chama kimoja pande zote mbili. Ukiweka alama mbili kwenye safu moja, safu hiyo tu ndiyo inayoharibika. Ya pili inahesabiwa kama kawaida. Jimboni anashinda mwenye kura nyingi, hata akiwa na asilimia 26, wala hakuna duru ya pili. Chama kwa upande wake kinahitaji asilimia 5 ya kura za pili nchi nzima ili kigawiwe viti. Upo mlango wa pembeni: chama kikishinda majimbo matatu, kizingiti hicho hakikihusu. Uukumbuke mlango huo, maana ndio ulioipa Berlin ya mashariki uzito mkubwa kuliko idadi ya watu wake.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Enzi za Kaiser nchi ilikuwa na majimbo 397, walipiga kura wanaume wa kuanzia miaka 25 tu, na asiyefikisha zaidi ya nusu alirudi kwenye duru ya pili. Berlin ilikuwa na viti sita. Mitaa ya wafanyakazi ya Luisenstadt na Stralau, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo Kreuzberg na Friedrichshain za leo, iliangukia jimbo la Berlin 4. Tangu 1884 hadi alipofariki mwaka 1911, kiti hicho kilikuwa cha Paul Singer, mwenyekiti mwenza wa SPD, chama cha kisoshalisti, pamoja na August Bebel. Ubaya wa mfumo ule ulikuwa kwenye mipaka. Ilichorwa mwanzoni mwa dola na haikuguswa tena, huku viwanda vikijaza watu mijini. Mbunge wa Berlin akawa anabeba watu mara kadhaa ya mbunge wa shamba.

Matokeo yake yaliwagusa hata babu zetu. Desemba 1906 bunge lilikataa fedha za ziada za vita vya Afrika Kusini-Magharibi (Namibia ya leo), wakati huku kwetu Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijazimwa. Kansela Bülow akalivunja bunge, na uchaguzi wa Januari 1907 ukapiganwa kwa ajenda ya makoloni. SPD, chama kilichopinga matumizi hayo, kilipata kura nyingi kuliko uchaguzi uliotangulia, lakini viti vyake vikashuka kutoka 81 hadi 43. Wapinzani waliungana kwenye duru ya pili, na mipaka iliyochakaa ikamaliza kazi. Singer alibaki na kiti chake. Anayedhani uchoraji wa mipaka ni kazi ya makarani aikumbuke tarakimu hiyo: 43.

Baada ya Vita Kuu ya Pili pakaja ukimya mrefu. Kreuzberg ilikuwa Berlin Magharibi, na watu wa huko hawakuruhusiwa kuchagua wabunge wa Bundestag, bunge la taifa, moja kwa moja. Baraza la jiji liliteua wawakilishi 22 waliokwenda Bonn, makao ya bunge wakati huo, bila haki kamili ya kupiga kura. Friedrichshain ilikuwa upande wa pili wa mto Spree na wa Ukuta. Uchaguzi wa kwanza wa Bundestag kwa pande zote mbili ulikuwa wa tarehe 2 Desemba 1990, lakini zilipiga kura kama majirani wasiojuana: Kreuzberg iliunganishwa na Schöneberg, Friedrichshain na Lichtenberg.

Friedrichshain na Lichtenberg zikawa ngome ya PDS, mrithi wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki. Mwaka 1994 Christa Luft alikitwaa kiti hicho, na PDS ikashinda majimbo manne, yote Berlin ya mashariki. Kitaifa ilikuwa na asilimia 4.4 tu, chini ya kizingiti, lakini kwa ule mlango wa pembeni ikaingia bungeni na viti 30.

Kisha likaja jambo ambalo halina shamrashamra na bado limebadilisha mengi. Bunge lilipunguzwa, majimbo yakashuka kutoka 328 hadi 299, na Berlin ikabaki na 12 badala ya 13. Wakati huohuo jiji liliunganisha wilaya zake 23 zikawa 12, na tangu Januari 2001 Friedrichshain na Kreuzberg zikawa wilaya moja, daraja la Oberbaum likiwa kiungo. Wachora ramani hupenda kufuata mipaka ya wilaya, ila hesabu hairuhusu kila mara. Jimbo lisitofautiane na wastani wa nchi kwa zaidi ya asilimia 15, na likivuka asilimia 25 ni lazima lichorwe upya. Wanaohesabiwa ni raia wa Ujerumani peke yao, si wakazi wote. Kreuzberg imejaa familia zilizotoka Uturuki na kwingineko, wengi bila uraia, kwa hiyo kwenye hesabu hii inaonekana ndogo kuliko inavyoonekana barabarani. Pankow, jirani wa kaskazini, ilikuwa na watu wa kuzidi jimbo moja. Kipande chake, Prenzlauer Berg Ost, yaani mashariki ya mtaa wa Prenzlauer Berg, kikakatwa na kubandikwa hapa.

Ndipo akaingia Hans-Christian Ströbele. Mwanasheria wa mrengo wa kushoto, mbunge wa Kijani (chama cha mazingira kilichokuwa kikitawala pamoja na SPD), mmoja wa waanzilishi wa gazeti la taz, mzee wa baiskeli na skafu nyekundu. Tarehe 16 Novemba 2001 Kansela Schröder alifunga pamoja kura ya kupeleka wanajeshi vitani dhidi ya ugaidi na kura ya imani kwa serikali yake. Alihitaji 334, akapata 336. Wabunge wanane wa chama cha Kijani waliokuwa wakipinga waligawana, wanne wakasema ndiyo ili serikali isianguke, wanne wakasema hapana. Ströbele alikuwa kwenye hapana. Miezi michache baadaye chama chake mkoani Berlin kilipanga orodha ya wagombea. Kwa kanuni ya Kijani nafasi za witiri ni za wanawake, kwa hiyo mwanaume hupigania ya pili. Ströbele aliikosa mbele ya Werner Schulz. Kwa mwanasiasa wa chama kidogo, hapo ndipo safari huishia.

Yeye akageukia jimbo. Hadi siku ile hakuna mgombea wa Kijani aliyewahi kushinda jimbo la Bundestag popote Ujerumani. Kampeni yake ilisema wazi kwamba kumchagua Ströbele ni kumtesa Fischer, yaani Joschka Fischer, waziri wa mambo ya nje na kigogo wa chama hichohicho. Septemba 2002 akashinda kwa asilimia 31.6, akiipita SPD kidogo. Ukitazama safu ya pili ya karatasi zilezile utaona chama chake hakikufika huko. Kuna watu wengi waliowapa SPD au PDS kura ya chama na wakampa yeye kura ya mtu.

Usiku ule ulikuwa na jambo la pili ambalo husahaulika. PDS ilibaki na majimbo mawili tu, la Petra Pau na la Gesine Lötzsch, na asilimia 4 kitaifa. Ikakosa la tatu, mlango ukafungwa, wakaingia wabunge wawili peke yao. Friedrichshain iliyompa Luft kiti mwaka 1994 sasa ilikuwa imefungwa pamoja na Kreuzberg isiyoipenda PDS. Serikali ya SPD na Kijani ilipita na viti 306, vinne tu juu ya kiwango cha wingi. Laiti PDS ingepata jimbo moja zaidi Berlin, ingekuja na viti zaidi ya 20 na wingi huo ungeyeyuka. Kwa hiyo anayesema kura ya kwanza ni pambo aeleze kwanza mwaka 2002.

Ströbele aliendelea kupanda: asilimia 43.3 mwaka 2005 na 46.8 mwaka 2009, kisha akashuka hadi 39.9 mwaka 2013 lakini bado akashinda. CDU, chama cha Angela Merkel aliyekuwa kansela, haikuwa na lake hapa. Mwaka 2009 mgombea wake, Vera Lengsfeld, alibandika mabango akiwa yeye na Angela Merkel wamevaa magauni ya kifua wazi, na maandishi kwamba wana zaidi ya kutoa. Yalizungumzwa nchi nzima, kiti kikabaki palepale. Ströbele alipostaafu mwaka 2017, Canan Bayram alikiokoa kwa asilimia 26.3 dhidi ya 24.9 za Pascal Meiser wa Die Linke, chama kilichozaliwa na PDS. Tangu 2002 hadi wakati huo hiki kilikuwa kiti pekee cha jimbo walichonacho Kijani Ujerumani nzima. Mwaka 2021 wakashinda 16, na upekee ukaisha.

Uchaguzi huo wa 26 Septemba 2021 ni somo la namna shughuli inavyoharibika hata kwa watu wanaosifiwa kwa mpango. Berlin iliweka siku moja Bundestag, bunge la jiji, mabaraza ya wilaya na kura ya maoni kuhusu kutaifisha makampuni makubwa ya nyumba. Mtu mmoja alikuwa na kura sita za kupiga. Juu yake kukawa na mbio za marathoni zilizofunga barabara. Kila mpigakura akachukua muda mrefu kwenye kibanda na foleni zikarefuka. Palipoishiwa karatasi, magari ya kuleta nyingine yakakwama, na baadhi ya vituo vikatumia karatasi za wilaya nyingine au vikatoa nakala kwa mashine. Vituo vilipaswa kufungwa saa kumi na mbili jioni. Aliyekuwa tayari kwenye foleni anaruhusiwa kupiga kura baada ya hapo, lakini makadirio ya matokeo yalishatangazwa kwenye televisheni. Mahakama ya Katiba iliamuru Desemba 2023 kwamba kura ya Bundestag irudiwe kwenye vituo 455 kati ya 2,256 vya jiji. Vilirudiwa 11 Februari 2024, na kwa idadi ya viti vya vyama mabadiliko yalikuwa FDP, chama cha kiliberali, kupoteza kiti kimoja. Kwangu kosa kubwa lilikuwa la hesabu ya kawaida: hakuna aliyepima dakika ngapi mtu mmoja anahitaji, kisha akazidisha kwa idadi ya wapigakura na kugawa kwa vibanda.

Sasa sheria mpya. Bunge lilivimba hadi wabunge 736, kwa sababu chama kilichoshinda majimbo mengi kuliko mgawo wake kilibaki nayo, na vingine vikafidiwa. Tangu mageuzi ya 2023 idadi ni 630, basi. Kura za pili ndizo zinazoamua chama kina viti vingapi kila mkoa. Washindi wa majimbo wanapangwa kwa asilimia zao za kura ya kwanza, wanapewa viti kabla ya watu wa orodha, na viti vikiisha wale wa mkiani wanakosa. Februari 2025 washindi 23 walikwenda nyumbani hivyo.

Wengi wanadai sheria hii ingemuua Ströbele. Wanakosea. Kijani mkoani Berlin walikuwa na mgawo wa viti kadhaa, yeye alikuwa mshindi wao wa pekee, kwa hiyo angetangulia mbele ya kila aliyewekwa juu kwenye orodha. Fimbo ya Kreuzberg bado ipo. Mwaka 2025 Meiser alilichukua jimbo, mmoja wa washindi wanne wa Die Linke jijini, na wote wanne wakapata viti kwa kuwa chama kiliongoza Berlin kwa asilimia 19.9 za kura za pili. Kitaifa kilifika asilimia 8.8, mlango wa pembeni hakikuuhitaji.

Anayeumia ni mshindi wa asilimia 26 katika mkoa ambao chama chake kimeshinda karibu kila jimbo. Simkubalii mtunga sheria hapo: ukimwambia mpigakura achague mtu, kisha mtu aliyeongoza akaambiwa hapana, ni afadhali ungemwondolea safu ya kushoto. Mageuzi ya 2020 yalipanga kupunguza majimbo hadi 280, na mpango huo ukafutwa mwaka 2023. Ningeurudisha, na ningekwenda chini zaidi, hadi 250, ili viti vya orodha viwe vingi vya kutosha kufunika washindi karibu wote. Gharama yake naijua. Berlin ingeshuka hadi majimbo kumi au kumi na moja, na kiraka cha kwanza kufumuliwa kingekuwa hiki cha Prenzlauer Berg Ost, kisha Kreuzberg itafutiwe mwenza mwingine ng'ambo ya mto.