Wimbo kapika AI, fomu anasaini nani?

Mashindano mengi ya kutunga nyimbo yana fomu, na kwenye fomu kuna kale kamstari ka kuthibitisha kwamba wimbo ni kazi yako mwenyewe. Watu wanatiki tu bila kusoma, wanatuma, wanasubiri majina. Mimi naona ubishi wote huu wa kama nyimbo za AI (akili bandia) ziruhusiwe kwenye mashindano ungeanzia kwenye hako kamstari, maana swali la mashine ina roho au haina tutakesha nalo.

Tuwe wakweli lakini, wanaotetea AI wana hoja, tena nzito. Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji, ilipoingia sokoni 1997 nayo ilitukanwa, leo nani anashtuka? Halafu kuna mtu ana maneno matamu kichwani, ana melodi anaiimba bafuni kila siku, ila kinanda hajui na hela ya prodyuza hana, sasa anaandika mashairi yake, anaingia Suno au Udio, programu za AI za kutengeneza nyimbo, dakika chache ana biti, ana sauti, ana wimbo mzima. Ukimwambia asishiriki ni kama unasema mashindano ni ya wenye studio basi. Na sio kila AI inatunga. Now and Then ya Beatles, ile ya 2023, AI ilichofanya ni kuchomoa sauti ya John Lennon kwenye demo ya zamani ya kaseti iliyokuwa imefunikwa na piano, wimbo alishauandika mwenyewe miaka michache kabla hajafa. Ikashinda Grammy 2025 na sioni aliyeibiwa pale.

Hao hao Grammy walishaweka msimamo tangu 2023, tuzo ni ya binadamu, AI inaweza kuwemo ila mchango wa mtu uwe wa maana, usiwe wa kunyunyizia tu. Sawa, ila nani anapima? Hapo ndo pagumu.

Mfano mzuri kwangu ni 2020, Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya, ilifutwa kwa sababu ya korona, na VPRO, watangazaji wa Uholanzi, wakaendesha mashindano ya nyimbo zilizotungwa kwa msaada wa AI. Timu ya Australia, Uncanny Valley, ndo ilibeba, walitumia mpaka sauti za koala humo (eti ndiyo, koala). Lakini angalia, kila mtu alijua mchezo ni upi, na bado watu walikaa wakachagua, wakatupa, wakaunganisha. Hiyo ni tofauti kabisa na mtu kuandika "nipe wimbo wa mapenzi wenye huzuni", akachukua wa kwanza uliotoka akaweka jina lake.

Sasa rudi kwenye fomu. Umesaini kwamba wimbo ni wako, una uhakika gani? Juni 2024 kampuni kubwa za muziki, Universal, Sony na Warner, ziliwashtaki Suno na Udio zikidai programu hizo zimefundishwa kwa nyimbo zao bila ruhusa. Wewe uliyebonyeza kitufe hujui kiitikio chako kinafanana na cha nani, ila saini ni yako, sio ya programu. Na Marekani ofisi ya hakimiliki inataka mtunzi awe binadamu, kitu kilichotoka kwenye mashine peke yake hakisajiliwi, kwa hiyo unaweza kushinda mkataba wa kutoa wimbo halafu ikaonekana huna cha kuuza. Hili watu hawalisemi kabisa, wanabaki kubishana kuhusu hisia.

Kinachonikera zaidi wala sio AI kushinda, ni raundi ya kwanza. Mtu mmoja anaweza kutuma nyimbo arobaini kwa usiku mmoja, majaji wanachoka, na aliyehangaika miezi na wimbo wake mmoja anasikilizwa sekunde ishirini.

Ningekuwa naandaa mimi ningeweka kikomo cha wimbo mmoja kwa mtu, useme wazi AI umetumia wapi, na ukiingia fainali uje na rasimu zako, hata zile za kurekodi kwenye simu huku unakohoa. Zile programu za kunusa AI sizitaki kuwa jaji, zinakosea, na mtu aliyetunga kwa jasho lake akishaitwa tapeli mbele za watu, hata mkimwomba radhi kesho yake, wimbo ule atauimba tena wapi?