Macho mekundu ya bibi kizee

Tunaposimulia kwamba Sungura alimhadaa Fisi akamwacha mtegoni, hakuna neno lolote katika sentensi hiyo linalosema kama Sungura ni wa kiume au wa kike, na mtoto wa kike anayesikiliza anaweza kujiona yeye ndiye Sungura. Hadithi hiyo ikichapwa pamoja na picha, nafasi hiyo huzibwa. Mara nyingi Sungura mwerevu huvikwa kaptula, na mnyama aliyejifunga kanga huwekwa jikoni akichochea moto.

Linaloniuma zaidi ni bibi kizee. Juzi nilikuwa nikimsomea mpwa wangu wa miaka 6, na tulipofika ukurasa wa bibi huyo aliufunika kwa kiganja. Mchoraji alikuwa amempa kibiongo, jino moja na macho mekundu kama makaa, ilhali maandishi yalisema tu kwamba aliishi peke yake kando ya msitu. Hadithi haikumwita mchawi hata mara moja. Aliyemwita mchawi ni mchoraji. Katika nchi ambayo vikongwe wa Shinyanga na Mwanza wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na wekundu wa macho yao ukahesabiwa kuwa ushahidi ingawa huletwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe waliopikia miaka nenda miaka rudi, siwezi kuuona mchoro huo kuwa pambo tu.

Wala simulizi zenyewe hazikukosa wanawake wa namna nyingine, maana wengi wetu tulizipokea kwa bibi zetu. Katika hadithi ya Sultani Darai, ambayo mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapa London mwaka 1870 kutoka kwa wasimulizi wa Unguja, paa anaugua katika nyumba ya bwana ambaye paa huyo ndiye aliyemtajirisha, na bwana huyo anaagiza apewe uji wa mtama mwekundu. Mkewe ndiye anayemkemea kwa utovu huo wa shukrani, na kizee wa nyumba hiyo ndiye anayepanda na kushuka ngazi akipeleka salamu za mgonjwa huku akilia.

Natamani mchoraji mmoja auchore ukurasa huo: bibi kizee ameinama karibu na paa, macho yake mekundu kwa kilio.