Kabla ya kugusa kompyuta za ofisi, muulizeni mhasibu

Tarehe 6 ya mwezi uliopita nilipigiwa simu na mama mhasibu wa kampuni moja ya vifaa vya ujenzi pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Sauti ilimkauka. "Kijana wangu, leja zangu ziko wapi?" Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha PAYE, kodi ya mishahara, na kompyuta yake ilikuwa imebadilishwa kila kitu mwishoni mwa wiki bila yeye kuambiwa neno.

Chanzo mnakijua. Tangu Windows 10 ikome kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, wenye ofisi wamekuwa wakihangaika. Kompyuta tisa za kampuni ile ni za mtumba, prosesa zake ni za zamani, na Windows 11 haizitaki: kwa Intel inadai kuanzia kizazi cha 8, na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 juu yake. Mshauri wa kompyuta akamwambia bosi kwamba Linux, mfumo endeshi (programu mama ya kompyuta) unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ni bure na haibagui mashine kuukuu. Jumamosi akaingia na flashi, Jumapili jioni zote tisa zikawa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Aliyoyasema ni kweli. Ila hakumuuliza mtu hata mmoja pale ndani anafanyia kazi zake kwenye programu gani.

Nilipofika, nilimwamkia mama, akaitikia huku macho yako kwenye skrini. Mshauri alikuwa amejaribu kuifungua programu yake ya uhasibu kupitia Wine, kifaa cha kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux. Ilifunguka, na majina ya wateja yakaonekana. Akibonyeza kuchapa ankara, karatasi inatoka imekatwa upande wa kulia, palepale penye jumla na VAT. Dakika chache baadaye leseni nayo inagoma, inadai imehamishiwa mashine ngeni. Kilichotuokoa ni flashi ya mama mwenyewe. Kila Ijumaa jioni hunakili vitabu vyote humo, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kwenda nayo nyumbani kwenye mkoba wake. Hakuna aliyemwagiza.

Jambo hili linaniuma. Kampuni haiishi kwa mfumo endeshi. Inaishi kwa programu inayotoa ankara, inayohesabu stoo, inayolipa mishahara. Na programu hizo, nyingi zinazotumika katika maduka na ofisi zetu, zimeandikwa kwa ajili ya Windows. Tally, programu ya uhasibu ambayo ukiingia Kariakoo huachi kuikuta, ni ya Windows. QuickBooks ya kusakinisha, nayo ya uhasibu, mhasibu anayetumia Linux hana toleo lake. Wine inafasiri maombi ambayo programu inayapeleka kwa Windows, na kazi hiyo inaifanya vizuri mno kwa programu nyingi, lakini kwa mhasibu kufunguka tu hakutoshi. Lazima ichape, leseni ikubali, hesabu za mwaka zifungwe bila senti kupotea. Na siku ikigoma, ukimpigia aliyekuuzia, swali lake la kwanza ni unatumia Windows ipi. Ukimjibu Ubuntu, msaada umeishia hapo.

Hata wakubwa yamewafika. Jiji la Munich, Ujerumani, lilianza safari ya Linux mwaka 2003, likahamisha kompyuta zipatazo 15,000, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Siasa zilikuwepo, sikatai. Lakini programu maalumu za idara, zile zisizokuwa na toleo la Linux, ziliwasumbua miaka yote.

Kubaki na Windows 10 isiyo na masasisho nako sikubali. WannaCry, kirusi cha kompyuta cha Mei 2017, kilivuruga hospitali za Uingereza ilhali kiraka chake, yaani sasisho la kukizuia, kilitoka tangu Machi. Microsoft inauza masasisho ya ziada kwa kampuni, dola 61 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, kisha bei inajirudufu kila mwaka hadi miaka mitatu. Piga hesabu hiyo mara tisa uone.

Kuna watakaosema tuhamie programu za kwenye kivinjari na mjadala uishe. Ni kweli, huko mfumo endeshi hauna uzito. Ila sijasahau Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Mteja amesimama kaunta anataka ankara yake, utamwambia asubiri meli ya kuunga waya?

Nakiri Linux inafaa, hata kama mwanzo wa hasira zangu nisingekiri. Mapokezi, barua, barua pepe, seva ya kuhifadhia mafaili, inatosha na inabaki. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwishatupa OpenOffice, programu ya kuandikia na kazi za ofisi, ya Kiswahili, kwa hiyo barua za ofisi hazijawahi kuwa kikwazo. Tunachokosa ni programu ya mishahara inayojua PAYE, NSSF, SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) na makato ya mikopo ya HESLB, iliyoandikwa na vijana wetu, ifanye kazi kwenye mfumo wowote na ivumilie intaneti ikikatika. Vijana mnaoandika programu, nawaomba kwa moyo wote: hiyo ndiyo kazi. Mifumo ya kuagizia chakula tumeshapata ya kutosha.

Gerezani tulimalizia hivi: kompyuta mbili mpya zenye Windows 11, moja ya mhasibu na moja ya stoo, na saba zikabaki na Ubuntu. Tarehe 7 jioni mama alirudisha vitabu vyake kutoka kwenye ile flashi, akalinganisha mizania mara mbili kwa kalamu, akawasilisha PAYE kabla ya saa nne usiku. Kisha akainakili data upya, akaufunga mfuko wake wa nailoni.